Sanduku la Asumani

Asumani, fundi wa taa za treni pale Kindu wakati wa Wabelgiji, aliitwa na muzungu mmoja mpima ardhi aitengeneze taa ya gari lake kuukuu. Gari lilikuwa na magurudumu, sawa, lakini ndani mlikuwa na kitanda na sufuria. Basi hiyo ni nyumba! Asumani akapiga hodi, akavua viatu, akaacha sanduku lake la chuma la vifaa juu ya ngazi mlangoni. Nani anaingiza uchafu wa kazi chumbani kwa watu?

Akabonyeza swichi. Taa ikawaka.

"Njo nini hii, ni nini?" akaguna. Akanyanyua sanduku aende zake, taa ikazimika. Akalirudisha; ikawaka. Akapapasa betri, akavuta nyaya, akamlaani shetani, jasho likamtiririka.

"Imepona?" muzungu akauliza.

Asumani akachuchumaa mlangoni. Waya uliokatika, ambao zamani ulifungwa kwenye chuma cha ngazi, sasa ulikuwa umegusa sanduku lake, na umeme ukivukia humo hadi kwenye ngazi.

"Iko inawaka, Bwana," akasema. "Lakini njo sanduku ilifanya kazi. Mimi sijaanza bado."