Vikombe vya Mama Katika Riwaya ya Mmarekani

Kazi ile niliipata kwa sababu ya Kiingereza. Kigali ya wakati huo ilikuwa mji wa Kifaransa. Mtu akijua lugha ya wazungu, ilikuwa ni hiyo. Mimi nilikuwa nimesoma Tabora, kwao marehemu baba, aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Aliyenipeleka ni kijana mmoja jirani yetu, aliyesikia kanisani kwao kwamba kuna mama wa Kimarekani huko juu mlimani Rebero anatafuta msichana wa kumpigia chapa. "Anaandika vitabu," aliniambia, "ila mikono inamuuma."

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na moja. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini miezi michache kabla, na mjini watu wengi walikuwa wamekamatwa kwa kushukiwa kuwaunga mkono waasi, mjomba wangu mmoja wao. Alikuwa amerudi nyumbani amekonda, haongei, anashtuka mlango ukibishwa. Sisi tulikaa Nyamirambo, mama, mjomba na mimi. Kitambulisho changu kilifuata upande wa baba, Mtanzania. Cha mama kiliandikwa Mtutsi. Tofauti hiyo, ambayo zamani tulikuwa tukiisahau wiki nzima, sasa ilikaa nasi mezani.

Nilishuka Gikondo, nikapandisha Rebero kwa miguu. Mlinzi wa getini alinitazama viatu vyenye vumbi, akasema, "Madamu iko ndani, lakini iko natembea." Sikumwelewa hadi nilipoingia. Kweli alikuwa anatembea. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimefungwa nyuma kwa utepe kama za msichana, anakwenda kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi, huku akinong'ona. Mumewe alikuwa mtaalamu wa viazi katika mradi fulani, siku nyingi yuko safarini mikoani. Yeye alibaki na karatasi zake.

"Unajua historia ya nchi yangu?" aliniuliza kabla sijakaa.

"Hapana, Madamu."

"Vizuri. Basi utaniambia pale ninapochosha."

Alikuwa mwandishi wa riwaya za kihistoria, na alikuwa ameshatoa sita. Nilizisoma zote pale pale, siku ambazo mwandiko wake wa penseli ulikuwa haujatosha kupigwa chapa. Ya kwanza ilihusu wasichana waliotoka mashambani kwenda kufuma pamba viwandani, wakilala wawili wawili kitanda kimoja. Nyingine ilihusu familia iliyohamia magharibi kwa gari la ng'ombe, ikizika mtoto njiani na kuendelea na safari asubuhi ile ile. Niliipenda hiyo, ingawa nilimwambia kwamba ng'ombe wamo wengi mno. Alicheka hadi akakaa chini.

Alikuwa amezaliwa kando ya mto mkubwa katikati ya Marekani, baba yake akiuza mbegu. Alifundisha historia sekondari kwa miaka mingi, na wanafunzi walikuwa wakisinzia. Siku moja, ili kuwaamsha, alimbuni mwanamke mmoja akamweka katikati ya somo, akamfanya avuke daraja lililokuwa linawaka moto. Kengele ikalia, watoto wakakataa kutoka. Msichana mmoja akauliza, "Na yule mama, baadaye ikawaje?" Swali hilo mwalimu aliondoka nalo. Akaenda nyumbani akaanza kuandika, watoto wake wakiwa bado wadogo, mezani jikoni, kati ya sahani chafu. Wachapishaji wakamkatalia kitabu hicho mara nyingi, hadi mumewe akaacha kumuuliza.

Riwaya aliyokuwa akiandika Rebero ilikuwa ya saba, na ilihusu vita vyao wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini na Kusini, zaidi ya miaka mia iliyopita. Alikuwa amekwama. Mapigano aliyajua, na majenerali, hata farasi wao. Asichokijua kilikuwa mji mdogo kabla vita havijaufikia. "Watu wanafanya nini?" alikuwa akisema, akitembea. "Wanajua kwamba vinakuja. Wanapika. Wananunua chumvi. Wanazungumza nini?"

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, alinipa chai na kuniuliza, "Kwenu leo wamesemaje?" Niliona ni adabu tu. Nikamwambia. Nilimwambia jinsi watu walivyoanza kupunguza sauti ya redio badala ya kuizima. Jinsi jirani mmoja alivyoacha kunisalimia kwa jina la baba yangu. Nilimwambia kuhusu bariyeri mpya, kizuizi cha njiani, na askari anayegeuza kitambulisho upande wa pili kana kwamba kuna kitu kingine kimeandikwa huko. Na siku moja nikamwambia kuhusu vikombe vya mama.

Mama alikuwa na vikombe vya kaure vyenye maua ya bluu, baba alivyomletea kutoka Dar es Salaam kimoja kimoja, safari moja kikombe kimoja, hadi vikajaza kabati. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa. Mwaka ule akaanza kuvigawa. Alikwenda kwa jirani huyu na kikombe, kwa yule na kisahani chake, bila sherehe wala sababu. Nilipomuuliza alisema, "Nimechoka kuvipangusa." Nami sikutulia. Kila nikirudi nyumbani macho yalikwenda kwanza kabatini, kuona pengo jipya liko wapi.

Madamu alisikiliza bila kutembea. Ningepaswa kuona hilo.

Wiki iliyofuata alinipa sura mpya kupiga chapa. Kulikuwa na mjane mmoja katika mji wa kando ya mto, mumewe nahodha wa boti aliyekufa. Majeshi yanakaribia. Mjane anafungua kabati, anatoa vikombe vyake vya maua ya bluu, anawagawia majirani. Wakimuuliza, anasema amechoka kuvipangusa.

Mikono yangu ilisimama juu ya mashine. Nilisoma ukurasa ule tena.

"Huyu ni mama yangu," nilisema.

Madamu alikuwa dirishani. Hakugeuka mara moja. "Ndiyo," alisema.

"Hukuniomba."

"Hapana." Sasa aligeuka. "Nimefanya hivi maisha yangu yote. Sijui njia nyingine. Lakini sema neno moja tu, nitautoa ukurasa huo."

Nilitaka kulisema hilo neno. Badala yake nikamwomba karatasi ile nimpelekee mama mwenyewe. Akanipa.

Nilimsomea mama alasiri hiyo, akichambua mchele uani, nikitafsiri sentensi baada ya sentensi. Mjomba alisogeza kiti chake karibu na mlango ili asikie. Nilipomaliza mama aliendelea kuchambua kwa muda.

"Huyo mama ni mzungu?"

"Mzungu, mama. Wa zamani sana."

"Na vita vinafika hapo kwao?"

"Vinafika. Mji unaungua. Ni historia, ulishaungua kweli."

"Na yeye?"

"Sijui. Hajaandika."

Mama akatua ungo. "Kesho nakwenda na wewe."

Tulikwenda. Alivaa kitenge chake cha Idi na mtandio mweupe, akabeba kikapu cha sambusa, kwa maana hakuwahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Kupanda Rebero kulimtoa jasho, akakataa kupumzika. Madamu alimpokea barazani kwa mikono miwili, akawa mwekundu, akaanza kuomba radhi hata kabla sijatafsiri salamu. Mama alimkatiza.

"Mwambie sijaja kudai. Nimekuja kuuliza. Huyo mjane wake atakufa?"

Nilitafsiri. Madamu akajibu polepole, akinitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyeuliza. "Nilikusudia afe. Katika mji ule walikufa wengi. Vitabu vyangu vyote nimeviandika kwa ahadi moja: siwadanganyi wasomaji kuhusu yaliyotokea."

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Mwambie mji auache uungue. Sijamwomba auzime. Lakini huyo mwanamke ni wake, amemuumba yeye. Amtoe."

"Mwambie si rahisi," alisema Madamu. "Nikimwokoa kwa sababu nampenda, kitabu kitakuwa cha uongo."

"Kwani wote walikufa?" aliuliza mama. "Hata mmoja hakupona?"

"Walipona baadhi."

"Basi wale waliopona si uongo."

Ndipo Madamu alipouliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo: kwa nini vikombe? Mama alinitazama kwanza, kwa sababu hata mimi hakuwa ameniambia. "Nyumba yangu wanaijua," alisema. "Siku wakija, watakuja kwangu. Mimi nitakwenda kubisha kwa watu. Nataka nikibisha, aliye ndani awe ametoka kunywa chai katika kikombe changu."

Nilitafsiri. Madamu alifunika uso kwa mikono yake iliyovimba viungo. Mama akamsogezea sambusa. "Ale," aliniambia. "Zinapoa."

Baada ya siku hiyo tulifanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Madamu aliandika, akararua, akaandika. Mwaka wa tisini na mbili ukapita hivyo. Bomu lilitupwa kwenye kituo cha mabasi, nikachelewa kazini kwa kuzunguka mbali, naye nikamkuta amesimama nje ya geti bila viatu. Siku nyingine tulikuwa tukigombana juu ya neno moja hadi mlinzi akaja kuchungulia. Nilikuwa nimeanza kumpinga. Nilimwambia mjane asingesema hivi, asingelia pale, asingewasamehe haraka namna ile. Alinuna, kisha akakata mstari.

Mwanzoni mwa tisini na tatu vita vilisogea karibu na mji, na mradi wa viazi ukawaondoa watu wake. Walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo. Sura ya mwisho niliipiga chapa huku wapakiaji wakibeba viti kando yangu. Mji unaungua. Mjane anafika mtoni, anaingia kwenye mashua na watu asiowajua, mashua inaondoka ukingoni. Hapo ndipo penye nukta.

"Inafika?" nilimuuliza.

"Nimefika hapo tu," alisema. "Nisamehe. Nikiwa na nguvu nitaendelea." Alinikumbatia haraka, vibaya, kidevu chake kikanigonga paji la uso. Gari likaondoka kuelekea uwanja wa ndege.

Nilimsimulia mama. Alikasirika kuliko nilivyotazamia. "Mtu hamwachi mwenzake katikati ya maji," alisema, akainuka akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Nadhani ni wakati huo alipoamua kuondoka, ingawa ilichukua miezi. Mwishoni mwa mwaka, habari za mauaji ya Burundi zilipofika, alisema tunakwenda Tabora, kwa shemeji zake. Mjomba alikataa. "Mimi wameshanikamata mara moja wakaniachia," alisema. "Wanajua sina kitu." Mama alimwomba, akamtukana, akamwomba tena. Siku ya safari alimshika mkono stendi mbele ya watu wote, hakuuachia hadi dereva alipopiga honi. Kutoka pale hadi Rusumo, mpakani na Tanzania, mimi nilihesabu bariyeri, nikapotea hesabu, nikaanza upya.

Mauaji ya mwaka uliofuata tuliyasikia Tabora kwa redio. Mjomba aliuawa wiki ya kwanza. Hilo tulikuja kulijua baadaye, kwa mtu aliyemwona.

Kitabu kilichapishwa. Nilikikuta miaka mingi baadaye katika maktaba moja Nairobi, nikakisoma nimesimama. Alikuwa ameendelea. Mashua inafika ng'ambo, mjane anashuka matopeni, hakuna anayempokea, anaanza kutembea. Nilimpigia mama simu Tabora, alikokaa hadi uzeeni, nikamweleza. "Ahaa," alisema. "Na miguu ilikuwa mizima?" Nikamwambia ilikuwa mizima.

Lakini nilirudi Kigali kabla ya hapo, mwisho wa mwaka wa tisini na nne. Mama alinituma nikaulizie majirani, akinitajia mmoja mmoja. Nilizunguka Nyamirambo siku nzima na majibu niliyoyapata nilimpa yote, mabaya na mazuri, kwa sababu hakutaka nichague.

Kisha nikapanda Rebero. Sijui nilitaka nini. Geti lilikuwa limeng'olewa, mlinzi hayupo, hakuna aliyejua alikokwenda. Barazani mwanamke kijana alikuwa akianika nguo za watoto. Nilimwamkia kwa Kinyarwanda, akanijibu kwa Kiswahili cha Karagwe. Alizaliwa huko Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani, na Kigali alikuwa ameiona kwa mara ya kwanza mwezi uliopita. Yeye na watu wake walikuta nyumba wazi, wakaingia. Alinisimulia haya kama anayejitetea, nikatambua kwamba ananiogopa.

"Dada, nyumba ni yako?" aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa nafanya kazi hapa."

Mabega yake yakashuka. Akanikaribisha nikae, nikasema nina haraka, ingawa sikuwa na pa kwenda. Akasimama na shati la mtoto mkononi, linadondosha maji.

"Basi kama ulifanya kazi hapa utanisaidia," alisema. "Bomba la jikoni halitoi kitu. Maji mlikuwa mnachota wapi?"

Nikamwonyesha njia ya chemchemi ya bondeni, ile ya kupitia nyuma ya mikaratusi, nikamwambia ateremke mapema, kabla foleni haijawa ndefu.