Ndugu wa Fundi Nassoro

Siku Nassoro alipokuja kutafuta chumba, alimpa Asteria kodi ya miezi sita mkononi, akaingiza godoro lake na sanduku la vifaa, na mambo yakaishia hapo. Asteria hakumuuliza anatoka wapi. Mtu amelipa, ni mpole, hanywi pombe. Utamuuliza nini tena?

Asteria ni mtu wa Mbaga, huko juu milimani. Alishuka Same akiwa bado msichana, akawa mpishi wa shule ya sekondari mpaka akastaafu. Mumewe alishatangulia, na binti yake, Upendo, ameolewa Mwanza. Mafao yake aliyatia kwenye vyumba vinne vya kupangisha, upande wa chini wa mji, karibu na reli, yeye mwenyewe akabaki kwenye nyumba ndogo ya mbele. Wakati anajenga, kila mwenye nyumba aliyekutana naye alikuwa na la kumshauri. Usipangishe ndugu, hutaweza kumdai. Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme, la sivyo kila mwezi utakuwa unaamua ugomvi. Nunua simtanki kubwa, maana Same maji yakikatika wapangaji wanahama. Aliufuata ushauri wote, akaweka hata bati la kukinga upepo kwenye choo. Hakuna aliyemwambia amuulize mpangaji nyumbani kwao ni wapi.

Nassoro alikuwa fundi redio. Aliweka meza yake nje ya chumba cha pembeni, na watu walikuja mpaka kutoka Makanya na redio zao zimefungwa kwa kanga. Wamasai waliokuja mnadani walimletea tochi na spika. Kila Ijumaa alioga mapema, akavaa kanzu, akaenda msikitini. Asteria akipika makande alimpelekea bakuli, naye bakuli lilirudi limeoshwa.

"Ahsante, Mama Upendo," alikuwa akisema. Mazungumzo yao mengi yaliishia hapo kwa miaka yote aliyokaa pale.

Asubuhi moja Sharifa, mpangaji wa chumba cha jirani anayeuza chapati stendi, alimkuta Nassoro ameanguka kando ya meza. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja. Alipiga kelele, Asteria akatoka mbio na mikono yake ina unga, wakatafuta bajaji, wakampeleka hospitali.

"Kiharusi," daktari alisema. "Ndugu yake ni nani hapa?"

Asteria na Sharifa walitazamana.

"Mimi ni mama mwenye nyumba wake," Asteria alisema.

"Nauliza ndugu, mama. Mke, mtoto, kaka. Tunahitaji kuzungumza na ndugu."

Asteria alisema atawatafuta. Aliamini ni kazi ya siku moja. Alimwita Wilbard, mwenyekiti wa kitongoji, ili asiingie peke yake kwenye chumba cha mtu, wakafungua pamoja. Walikuta kitanda kilichotandikwa vizuri, kanzu mbili, na redio kila mahali, nyingine zimefunguliwa matumbo wazi. Hapakuwa na picha ya mtu hata moja. Simu yake ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri.

Msikitini walimfahamu vizuri. Walisema ni mtu mwema. Mmoja alidhani ni wa Kondoa, mwingine alisema Msambaa yule, Lushoto.

Basi Asteria alirudi wodini, akaketi karibu na kitanda. Nassoro alikuwa anasikia. Macho yake yalimfuata. Ulimi ndio uliokataa.

"Nassoro, nitataja miji. Nikifika kwenu, fumba macho. Umenielewa?"

Alifumba, akafumbua.

"Lushoto? Korogwe? Handeni? Kondoa? Pangani?"

Alimtazama tu. Asteria alitaja kila mji aliowahi kuusikia kwenye taarifa ya habari. Kuna pahali Nassoro alifumba macho, Asteria akaruka kwa furaha, akarudia ule mji, naye akamtazama bila kufumba. Labda alikuwa amechoka. Mwishowe alilia kwa jicho moja, na Asteria akamfuta kwa ncha ya kitenge, akaacha kutaja.

Simu waliiacha kwenye chaji nyumbani. Waliopiga walikuwa wateja. "Fundi, redio yangu tayari?" Asteria aliwaambia fundi anaumwa, akawauliza kama wanamjua ndugu yake. Hakuna aliyejua.

Kisha jioni moja simu iliita, na kwenye kioo likatokea jina: Da Saada.

Asteria aliipokea haraka. "Haloo! Haloo, dada! Nassoro anaumwa, yuko hospitali Same!"

Upande wa pili kulikuwa na mkwaruzo tu, kama upepo, na sauti ya mwanamke mbali sana. "Nassoro? Nassoro?" Kisha ikakatika.

Hakuweza kumpigia. Jina lilionekana, namba haikuonekana, na simu imefungwa. Yeye na Sharifa walikaa wakiitazama mpaka kioo kikazima. Kesho yake kijana wa duka la simu aliwaambia akiifungua kwa nguvu kila kitu kilichomo kitafutika. Akatoa laini, akaiweka kwenye simu ya Asteria. Laini haikuwa na majina, lakini alisema, "Huyo dada akipiga tena, mama, namba yake utaiona." Kwenye kituo cha polisi waliambiwa barua itaandikwa kwa kampuni ya simu, wasubiri majibu.

Asteria alikwenda wodini na ile habari moja aliyokuwa nayo. "Da Saada amepiga," alimwambia. "Nimesikia sauti yake."

Nassoro alifumba macho. Aliyafumba muda mrefu. Mkono wake mzima ulitafuta kitu juu ya shuka, Asteria akaupa wa kwake, naye akaubana. Alitaka kumwambia neno zuri, lakini alikuwa hana. Dada yupo, hajulikani alipo. Ndivyo ilivyokuwa, na wote wawili walijua.

Da Saada hakupiga tena. Nassoro alifariki kabla majibu ya barua hayajarudi. Yaliporudi, laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu wa Mwanga, ambaye alisema alimsaidia fundi mmoja kusajili laini zamani, hamjui zaidi ya hapo.

Watu wa msikitini walimzika vizuri. Kabla ya hapo walimwuliza Asteria, "Nassoro bin nani?"

Baada ya mazishi wakaanza kuja wenye redio. Huyu anasema yangu ni ile nyeusi, na yule naye anasema ile nyeusi ni yake. Asteria angejuaje? Alitoa, akatoa, mpaka akaona anaweza kuwa anagawa mali ya Da Saada, akaacha. Wilbard alisema vitu vya marehemu visiguswe mpaka ndugu wapatikane. Alipoulizwa lini, alishika kidevu, akasema yeye hawezi kujua.

Sasa kila anayekuja kupanga, Asteria anamwuliza kijiji, jina la mama, na namba za ndugu wawili, kisha anazipiga palepale. Kijana mmoja, Anderson, mfanyakazi wa kampuni ya mikopo, alicheka.

"Mama, napanga chumba au naposa?"

"Nipe namba ya mama yako, mwanangu."

Hakutoa. Alikwenda kupanga kwingine, na si yeye peke yake.

Sharifa alipofikiwa na swali hilo alitoa namba za dada yake wa Ndungu bila ubishi. Kisha akashika simu yake.

"Na wewe, Mama Upendo? Ukianguka leo, mimi nimpigie nani?"

Wapangaji wake wote walijua ana binti Mwanza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba yake. Alimtajia polepole, tarakimu moja moja, na Sharifa akampigia Upendo ili wahakikishe. Ikaita mpaka ikakatika.

"Yuko kazini," Asteria alisema. "Atapiga."

Chumba cha pembeni mpaka leo hakijapangishwa. Wanaokuja wanakipenda kwa kuwa kiko kwenye kivuli, wanauliza bei. Asteria anawaambia chumba kina mtu.