Chupa Ndani ya Chungu cha Mbegu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, miaka ile ya sabini magendo ya kahawa yalipowatia watu wazimu huku mpakani, nilipotoka Malaba na chupa ndogo ya dawa ndani ya kikapu changu. Nilitembea nikijiona mtu wa maana. Mwanangu, dawa ile haikuwa yangu. Nakuambia habari hii kwa sababu nimeona unavyoukwepa ugali mezani, na nimeona pia vidonge vya tezi kwenye mkoba wako. Kaa usikilize, hata nikilia.

Dadangu mdogo, Nafula, alikuwa ameolewa Malaba, akiuza samaki wa kubanika pale malori yanaposimama. Alipozaa mtoto wa pili, mwili ukamgeuka. Uso ulivimba, sauti ikawa nzito kama ya mwanaume, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na jua hili letu likiwaka yeye amevaa sweta. Shingoni palikuwa na uvimbe, ule watu wanaouita rovu. Sista wa hospitali ya misheni akamwambia tezi ya shingo imechoka, haifanyi kazi yake tena. Akampa vidonge: kimoja kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Akamwambia pia apunguze muhogo, maana hauisaidii shingo kama hiyo.

Baridi ikamtoka, sauti ikarudi. Lakini unene haukuisha wote, na madereva wa malori hawana adabu. Walimwita Mama Tela. "Mama Tela, sogea kidogo tupitishe lori," walimwambia, na yeye alicheka nao huku akiwafungia samaki. Halafu akija kwangu Mundika, analia.

Mimi ndiye niliyemshauri. Shule niliishia darasa la pili, lakini mdomo nilikuwa nao. Nikamwambia kama muhogo ni mbaya, basi ugali wote ni mbaya, na viazi vitamu, na ndizi, na uji. Ale samaki, nyama, mayai na mboga, basi. Akanitii, kwa sababu mama yetu alikuwa amekufa na mimi ndimi niliyekuwa nimeshika nafasi yake.

Alipungua, mwanangu. Sitakudanganya kwamba hakupungua. Baada ya miezi kadhaa nguo zilimning'inia, na wanawake wa soko la Amagoro wakawa wanamuuliza amefanya nini. Nilikuwa najibu mimi kabla yeye hajafungua mdomo.

Basi siku ile ya kiangazi nilikwenda kwake, nikamkuta anameza kidonge. Nikamuuliza mtu aliyepona anameza dawa ya nini. Akasema Sista alimkataza kuacha.

"Ni Sista aliyekubeba mgongoni, au ni mimi?" nikamwambia, nikachukua chupa.

Hakubishana. Alicheka tu, akanifungia samaki wawili wa kupeleka nyumbani. Nilipofika nikaificha chupa ndani ya chungu cha mbegu za wimbi, asije akaifuata.

Wiki zikapita, baridi ikamrudia. Hapo ndipo tulipoanza ujinga wetu. Mama mkwe wake alikuwa mwanamke wa zamani, na zamani kwetu mwanamke hakuonja kuku wala yai. Akasema ni mayai yanayomwadhibu. Mimi nikasema hapana, ni ugali anaokula kwa siri. Nilikuwa naenda hadi jikoni kwake kunusa sufuria, fikiria. Tulirushiana maneno, yai na ugali, ugali na yai, na Nafula ameketi katikati yetu, macho yamevimba, akichukua muda mrefu kutafuta neno. Siku moja akalipata.

"Dada, mimi nasikia baridi ndani ya mifupa."

Nikamwambia avae sweta.

Haukupita muda, mchana mmoja mume wake akatuma mtu aniite. Nilimkuta chini ya mablanketi mawili, ngozi imepoa kama ya samaki, haamki hata ukimtikisa. Tukampakia nyuma ya pikapu hadi hospitali. Sista aliuliza kitu kimoja: vidonge alimeza lini mara ya mwisho? Mume hakujua. Mama mkwe hakujua. Mimi nikasema sijui.

Ilikuwa aibu, mwanangu. Sikutaka yule mama mkwe anisikie. Nilikaa kwenye benchi na hilo "sijui" langu hadi jua likainama, ndipo nikamfuata Sista nikamwambia yote. Hakunigombeza. Aliniangalia, akasema, "Mama, chakula tungekipanga pamoja naye, na damu ningempima. Kidonge hakikuwa cha kuguswa." Kisha akarudi kwa mgonjwa mbiombio.

Nafula alikufa kesho yake kabla ya saa sita. Kama zile saa nilizonyamaza zingemwokoa, hakuna aliyeniambia. Na mimi sijawahi kuuliza.

Mvua ziliposhuka, nilitia mkono kwenye chungu nitoe mbegu. Vidole vikagusa kioo. Mwaka ule sikupanda wimbi.

Yule mtoto wake wa pili nilimlea mimi, akakua, akakuzaa wewe. Umezoea kusikia watu wakinisifu kwa hilo. Sasa unajua kwa nini nilimlea, na shingo hiyo umeitoa kwa nani.

Sikukatazi kuacha ugali. Tumbo ni lako. Lakini nenda kwa daktari umwambie umeacha nini, usimfiche hata kidogo, akupime damu, na akisema mwili wako haukipendi chakula hicho, umsikilize. Kidonge chako meza kila asubuhi, ukiwa mnene, ukiwa mwembamba, ukijisikia mzima kabisa. Siku utakayoona baridi isiyo na sababu, au nywele zikibaki mkononi, usije kuniuliza mimi, wala jirani, wala hao rafiki zako. Nenda ukapimwe. Na ukiulizwa swali na anayekutibu, au anayemtibu mtu wako, jibu hapo hapo, hata kama jibu litakuvua nguo mbele za watu.

Mungu akupe asubuhi nyingi, mwanangu, na kila moja ikukute na joto mwilini. Uzeeke kuliko mimi. Ukae jikoni kwako, sauti yako mwenyewe kooni, ukiwasumbua wajukuu kama ninavyokusumbua. Nafula hakupata hayo. Uyapate wewe, na yake pia.