Mbuzi Niliyedhani Amebadilishwa

Mbuzi wangu alizaa nikiwa hospitalini Meru, nikimuuguza mume wangu aliyekuwa amepasuliwa ngiri. Nilikaa huko siku sita. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya Nkubu, nilikuwa nimemwachia jirani yangu ufunguo wa banda. Yeye ndiye aliyemtunza beberu wa kikundi chetu cha akina mama, na hakuna aliyewajua mbuzi kumshinda. Siku ya tatu akanipigia simu.

"Mwalimu, pongezi! Umepata msichana."

Nilifurahi kweli. Kwa anayefuga mbuzi wa maziwa, jike ndiye anayetakiwa. Dume huishia chunguni. Mbuzi wa jirani naye alikuwa amezaa jike juma lilo hilo. Watoto hao wawili walikuwa wa baba mmoja na rangi moja, kahawia yenye mistari miwili myeupe usoni.

Miezi minne ikapita, na wangu akaanza kunitia wasiwasi. Shingo ilinenepa, nywele za mgongoni zikasimama, akawa anawapanda wenzake. Asubuhi moja nikifagia banda nilisikia harufu ya beberu, nami sina beberu. Nikamshika, nikainua mkia. Sehemu za kike zilikuwepo, lakini kwa chini kulichomoza kitu kama punje ya haragwe, na alipokojoa, mkojo uliruka nyuma na juu. Hakuwa jike. Wala dume hakuwa.

Sikuwaza ugonjwa. Nilimwaza jirani.

"Huyu si mtoto wa mbuzi wetu," nilimwambia mume wangu. "Alimwona wake ana kasoro, akambadilisha."

"Mbona mama yake anamnyonyesha? Mbuzi humkataa mtoto asiye wake."

"Ukimpaka maji ya uzazi ya huyo mama, hamkatai."

"Hayo umeyatoa wapi?"

"Ni yeye mwenyewe aliyetufundisha kikundini."

Mume wangu akageukia ukutani, nami nikalichukua hilo kuwa ushahidi mwingine.

Kesho yake nilienda kwa jirani nikijidai nataka kuazima bomba la kupulizia kahawa. Alipoingia ndani kulitafuta, nikaruka hadi kwenye banda lake. Mtoto wake alikuwa mzuri: mgongo ulionyooka, chuchu mbili zilizokaa vyema, na pembe changa kama za mama yake. Mbuzi wangu hana pembe, na yule niliyemwacha nyumbani hakuwa nazo pia. Hilo peke yake lingenituliza kidogo, lakini sikuwa nimekwenda kutulizwa. Nikamshika mkia.

"Unatafuta nini, mwalimu?"

Alikuwa nyuma yangu, bomba mkononi.

"Natazama tu."

"Unatazama chini ya mkia?"

Niliondoka bila hilo bomba. Njiani nilijiambia kwamba mtu asiye na la kuficha asingeuliza kwa sauti ile.

Mkutano wa kikundi ulipofika, nilisema jambo ambalo hadi leo naona haya kuliandika. Nilisema, bila kumtaja mtu, kwamba siku hizi ukisafiri, hata watoto wa mbuzi hubadilishwa. Akina mama wakageuka kumtazama, mmoja baada ya mwingine. Jirani yangu alikunja leso yake, akaiweka mapajani, kisha akainuka akaenda zake. Mwezi ule hakuna aliyepeleka mbuzi kwake kupandwa.

Kisha akaja afisa wa mifugo, dada kijana, kuchanja. Nilimwonyesha yule mbuzi, nikamuuliza kama kuna kipimo cha kuthibitisha mama wa mnyama. Alimpapasa kichwani kwanza, mahali ambapo pembe zingeota.

"Mama yake ana pembe?"

"Hana."

"Na baba?"

"Hana."

Akapumua. "Huyu ni wa hapa hapa, mwalimu. Na ni jike. Ukipima damu yake, kila seli itakwambia ni jike."

"Jike gani ananuka hivi?"

Akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza taratibu. Ile jeni inayowanyima mbuzi pembe ina kazi nyingine huko tumboni. Mtoto akiipata upande mmoja tu, hana pembe na hana shida. Akiipata kwa baba na kwa mama pia, naye ni jike, basi ile jeni inayopaswa kujenga ovari inanyamazishwa, na mahali pa ovari panaota korodani. Mwili nao unafuata. Hii yote hutokea mtoto akiwa bado mdogo kuliko kidole, hata mwenye mbuzi hajajua kwamba kuna mimba.

"Ndiyo maana hatushauri wote wawili wakose pembe," alisema. "Nani aliwachagulia beberu?"

Ni mimi. Mbuzi mwenye pembe alikuwa amemtoboa mwenzake kiwele, nami nikasimama kikundini kudai tutafute beberu asiye nazo. Mtu mmoja tu alinipinga, naye ni jirani yangu. Alisema kwamba kwao Mbeere, upande wa Kiambere, baba yake hakuwahi kuacha dume asiye na pembe ampande mbuzi, sababu hakuijua. Nilimcheka mbele ya watu, nikasema hayo ni mambo ya kizamani.

Nilimkuta jirani shambani akikata majani ya nepia ya mbuzi. Nikamweleza yote. Hakuliweka panga chini.

"Nilijua unanishuku tangu siku ile ya mkia," alisema.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mimi si mwizi?" Akakata mashina mawili zaidi. "Uliyasema mbele ya watu, mwalimu. Yarudishe mbele ya watu."

Niliyarudisha. Katika mkutano uliofuata nilieleza habari ya jeni kama ninavyofundisha darasani, nikaomba msamaha nikimtazama usoni. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, basi. Tukakubaliana kubadilishana beberu na kikundi kingine ili tupate mwenye pembe, na watoto wa kwanza wa beberu huyo wakazaliwa wazima.

Lakini siku ile ya msamaha, tukitoka, mama mmoja alinishika mkono, akaninong'oneza, "Umefanya vyema kuleta amani. Ila yule, mimi bado namwangalia."

Nilimwambia hakuna cha kuangalia, kosa lilikuwa langu.

"Najua, mwalimu," alisema, akinipapasa mkono kama mtu anayemhurumia mjinga. "Wewe una moyo mzuri."