Maji ya Redio na Ng'ombe Wetu Madam

Harufu ya molasi iliyonyunyizwa juu ya mabua makavu ya mahindi hunirudisha kijijini kwetu Gatitu kila ninapokutana nayo. Ni harufu tamu na nzito, kama sukari iliyoungua kidogo, na kiangazi kile ilishika hadi kwenye sweta zetu za kanisani. Nyasi za napia zilikuwa zimekauka zikawa fimbo, kwa hiyo nilimlisha ng'ombe wetu mabua. Tulimwita Madam kwa sababu alikuwa na tabia ya kukutazama mpaka ukumbuke kosa lako. Baba na mama walikuwa wamefariki, nami nikiwa mkubwa niliacha shule kidato cha kwanza ili nibaki na wadogo zangu, Kamau na Nyambura. Maziwa ya Madam ndiyo yaliyotulisha na kuwaweka wale wawili shuleni. Ukoo ulikubali tuendelee kuishi pamoja katika boma la wazazi mradi tu ng'ombe anakamuliwa. Akikauka, Kamau angechukuliwa na mjomba wa Kiriaini, Nyambura aende Kerugoya kwa shangazi, nami nitafutiwe kazi ya nyumbani mjini. Hilo lilisemwa kwa upole juu ya chai, jinsi watu wanavyosema mambo waliyokwisha kuyaamua.

Maziwa yalipopungua kidogo, kama yanavyopungua kiangazi chochote, huyo shangazi wa Kerugoya akaja kukaa nasi. Tulimwita Tata. Alikuwa dada ya baba, mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alimtazama Madam, akautazama ua wa jirani, akasema jicho la mtu limeingia zizini. Dawa alikuwa nayo mkobani: redio ndogo. Kulikuwa na mhubiri aliyeombea maji hewani kila asubuhi, na wasikilizaji waliweka glasi zao mbele ya redio, wakanywa baada ya amina. Tata alituambia goti lake lilipona hivyo, ingawa aliupanda mlima wetu akichechemea. Akaitundika redio kwenye msumari zizini, akaweka ndoo moja ya maji chini yake na kutoa amri: Madam asionje tone jingine, kwa kuwa maji ya mfereji yangeharibu kazi.

Sasa, ng'ombe anayekamuliwa hunywa maji kama lori kuukuu linalopanda mlima, na zaidi akilishwa mabua makavu. Madam aliimaliza ndoo ile kabla mhubiri hajafika kwenye matangazo, kisha akashinda akiikazia redio macho. Maziwa yakashuka. Tata akasema uchawi unapigana. Yakashuka tena, akasema sasa unakaribia kushindwa. Karani wa kituo cha maziwa aliniuliza kama tulikuwa tumeuza ng'ombe tukanunua mbuzi. Nilijaribu kumweleza Tata kwamba Madam ana kiu tu. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba ukitaka kujua kinacholeta jambo, unabadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vyote kama vilivyo. Tata alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa kichwa.

"Mami, hayo ni ya vitabu," alisema. "Hii ni vita."

Akaongeza kwamba ameshaongea na mchinjaji, naye atakuja Jumamosi, kabla Madam hajabaki ngozi na pembe.

Nilielewa kwamba kubishana kungetupeleka kila mtu njia yake. Asubuhi iliyofuata, kabla ya maombi, niliwatuma wadogo zangu kwa majirani. Tulikusanya ndoo, madebe, masufuria yanayopikiwa pilau ya harusi, hata beseni la kuogea. Tata alipotoka jikoni alikuta vyombo vimejaa maji, vimepangwa mbele ya redio kwa safu, kama waumini waliofika mapema. Akauliza ni nini hiyo.

"Ni maji ya Madam, Tata," nikasema. "Kama ndoo moja iko na nguvu, hizi zote si zitamaliza vita?"

Alizitazama zile safu akitafuta kosa. Kamau, ambaye kwa kweli alitaka kujua, akanyoosha kidole.

"Tata, ile iko na kifuniko. Maombi yataingia?"

"Toa kifuniko," Tata akamwambia.

Madam alikunywa siku ile mpaka tukaogopa. Siku zilizofuata tulivijaza vyombo vyote tena, na maziwa yakaanza kupanda. Mchinjaji alipofika Jumamosi alipewa chai nyeupe kabisa kwa maziwa, akarudi alikotoka na kamba yake mkononi. Mjomba aliletewa habari kwamba kila kitu ni shwari, na habari ya kutugawa ikafa. Tata alitoa ushuhuda kanisani uliochelewesha sadaka.

Ningeweza kuridhika. Lakini redio ilipoishiwa betri niliendelea kumpa Madam maji yaleyale mengi, ya mfereji, bila neno la mhubiri, na maziwa hayakupungua hata kidogo. Nikamwita Tata aje aone. Alikuja, akatazama ndani ya ndoo ya maziwa, akautazama mfereji, kisha akamtazama Madam.

"Baraka zimeshaingia kwenye damu," akasema. "Sasa hata maji ya kawaida yanamtosha."

Siku hizi Kamau ana shahada na ofisi mjini Nyeri. Nyambura ni mwalimu, na juzi alituonya kwenye kundi la familia tusile parachichi simu ikiwa kwenye chaji. Kamau naye amevaa bangili inayovuta sumu mwilini. Aliiona kwenye video. Nilimuuliza kama amewahi kuivua aone tofauti, akanitazama kana kwamba nimemwambia avue suruali. Mimi ndiye niliyewasomesha hawa. Tata alikosea, lakini alikosea akiwa amesimama mbele yangu, viatu vyake ndani ya mavi ya ng'ombe, na nilipomwita aje aone, alikuja. Yule mtu wa kwenye video nitamwita vipi aje aone?

Jumapili iliyopita walikuja kwangu kula. Kamau aliivua bangili akinawa mikono, akaisahau kando ya sinki, nami nikaiweka kabatini. Amenipigia simu kuitafuta, nikamwambia nitaangalia. Nitamrudishia mwisho wa mwezi, kisha nimuulize kama ameona tofauti. Jana alipita hapa kunisalimia, akamaliza sahani mbili za githeri, akaomba ya kubeba.