Gego la Mnunuzi wa Mbuzi

Sogea karibu, mwanangu, wewe uliyeshika shavu ukisema ni jino tu. Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, tukiishi mtaa wa Huruma, Nairobi, mume wangu Okello aliposhindwa kumeza uji.

Okello alikuwa akiwanunulia wachinjaji mbuzi pale soko la Kiamaiko. Hakununua mbuzi kabla ya kumfungua mdomo, kutazama meno na kumpapasa taya. Lakini gego lake mwenyewe lilikuwa limeoza, na hakutaka mtu alitazame. Shavu likivimba, aliniambia, "Mama Akinyi, jino lenye uvimbe haling'olewi. Wacha upungue kwanza." Alimeza vidonge viwili vitatu vya dukani, uvimbe ukapungua. Nikimwambia sasa twende, alicheka: "Twende kufanya nini na limepona?" Tukazunguka hivyo tangu mvua za masika mpaka za vuli. Nami, nikimwona amelala vizuri, niliridhika.

Asubuhi hiyo uvimbe ulikuwa umeteremka hadi chini ya kidevu, mgumu kama ubao. Mate yalimtiririka, na mdomo haukupitisha hata kijiko. Hata hivyo akaenda sokoni. Nikajifunga leso, nikamfuata.

Mzee Guyo, aliyekuwa akimuuzia mbuzi, alimtazama, kisha akamshika kidevu vile wanavyomshika mbuzi.

"Okello, nikikuletea mbuzi mwenye taya kama hili, utamnunua?"

Watu wakaangua kicheko. Okello akatikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Mgonjwa," akasema kwa taabu.

Kicheko kikaisha. Mzee Guyo akasema, "Basi leo sikuuzii hata kwato. Mama, mpeleke hospitali sasa hivi. Husikii anavyovuta pumzi?"

Hospitalini walimpasua chini ya taya, usaha ukatoka, wakaling'oa lile gego. Daktari alinieleza polepole: vidonge hutuliza, lakini uozo hubaki ndani ya jino, usaha hurudi, na ukiteremka shingoni, uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa. Huko kungoja upungue ndiko kulikokaribia kumuua. "Mngekuja jioni, tungemkosa," akasema.

Okello alirudi sokoni na kovu chini ya kidevu. Wenzake walimbandika jina, Beberu, yaani mbuzi dume. Alicheka nao, mdomo wazi.

Mwanangu, sikulaumu kwa kuogopa. Sindano ya ganzi huuma kidogo, kisha basi. Lakini maumivu yakitulia usijidanganye kwamba gego limepona. Mungu akupe meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma hadi uzeeni, na akupe mtu wa kukushika kidevu ukikaidi.

Sasa inuka, nenda ukaonane na daktari wa meno leo. Na uvimbe ukifika shingoni, au ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, usipitie dukani: nenda moja kwa moja hospitali kubwa.