Taa za Mama Kanta na Waya wa Zuhura

Nakumbuka siku moja ya mkesha wa Diwali, mwanangu, na wewe acha kwanza kuipigapiga hiyo laptopu, haijakukosea kitu. Kaa hapa. Nikusimulie habari za Zuhura, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Gerezani, mwanamke ambaye mpaka leo namvulia kofia.

Nilikuwa msichana, nauza vitenge vya jumla kwenye duka la Mama Kanta, mama wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa Kariakoo, anayejua kugombana kwa Kiswahili kuliko mimi na wewe. Mdogo wangu Anna alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kwenda kusomeshwa uuguzi nje. Usaili wenyewe kwa video, saa kumi jioni, na simu zetu za wakati ule zilikuwa haziwezi kazi hiyo. Mama Kanta akaniambia, "Njoo naye dukani. Laptopu ipo, waya wa intaneti upo, atakaa ofisini kwangu." Nyumbani Ilala mama yetu alikuwa anasali tangu asubuhi. Anna akikosa siku ile, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Tunafungua laptopu mchana, hakuna mtandao. Waya umechomekwa, laptopu inasema haujachomekwa. Jirani yetu Shirima, Mchaga mwenzangu wa duka la mabegi, akaingia na ujuzi wake. Akazima, akawasha, akabadili mipangilio hii na ile, akachomoa huku akachomeka kule, mpaka mwenyewe hakumbuki alianzia wapi. Mwishowe akatoa hukumu: "Hii ni kupiga windo tu." Yaani kuifuta kompyuta yote na kuiwekea programu upya, kazi ya kumaliza jioni nzima. Anna akaanza kulia kimyakimya, na blauzi yake ya kuazima.

Nikampigia Zuhura. Akaja kwa miguu kutoka Gerezani, begi begani. Usidhani ni mtu wa kunyenyekea, alikuwa na maringo yule, na yalimkaa.

"Shikamoo Mama Kanta."

"Marahaba, mwanangu. Tumekwama."

"Hamjakwama, nimeshafika. Mdogo wangu, futa machozi. Shirima, rudisha kila ulichobadili. Ulivyovisahau nitavirudisha mimi."

Kisha akauliza kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekiuliza. "Tangu asubuhi humu dukani mmefanya nini? Sitafuti mkosaji, natafuta waya."

Basi watu wakasema. Tumefagia, tumehamisha marobota, tumepamba. Yeye anaitikia tu huku mikono inafanya kazi. Pale waya unapoingia kwenye laptopu pana taa ndogo ya kijani, ilikuwa haiwaki. Akauchomeka waya uleule kwenye laptopu yake mwenyewe, nako taa haikuwaka.

"Laptopu yenu nzima," akasema. "Anayetaka kupiga windo akapige kwake." Shirima akacheka, maana alikuwa muungwana.

Zuhura akaufuata waya kwa vidole, ukutani, nyuma ya marobota, ngazini, hadi stoo ya juu. Mimi nyuma yake na tochi. Huko ndiko kilikokuwa kile kisanduku kinachogawa mtandao wa duka, na kilikuwa kimezimika. Plagi yake imelala sakafuni. Kwenye soketi yake zimechomekwa taa za Diwali, zile za rangirangi, zilizopita dirishani kushuka mbele ya duka. Na taa zile Mama Kanta alikuwa hamwachii mtu, kila mwaka anazifunga kwa mkono wake.

Nikageuka nishuke nikapige kelele. Zuhura akanishika mkono.

"Taa zimependeza," akasema. "Kalete ekstensheni."

Akachomeka vyote viwili. Mara tukamsikia Anna chini anaita kwamba imewaka, na saa kumi bado.

Mama Kanta akauliza tatizo lilikuwa nini. "Kisanduku kilikosa umeme," Zuhura akajibu, na hakuongeza neno. Lakini mama yule si mjinga. Aliinua macho kwenye taa zake, kisha akamkatia Zuhura kitenge kizuri kuliko vyote dukani.

Anna alichaguliwa. Ndiye huyo mama yako mdogo anayekutumia viatu.

Sasa nisikilize. Kitu kikigoma, uliza kwanza kilichobadilika, na uulize kwa namna ambayo mtu haogopi kukujibu. Jaribu kimoja, kisipofaa kirudishe kama kilivyokuwa, ndipo ushike kingine. Na ukiliona kosa la mtu, litengeneze na umwachie taa zake. Nilikaa na Mama Kanta miaka mingi baada ya siku ile, na kila Diwali, kabla hajafunga taa hata moja, nilimwona anapanda stoo kwanza, ekstensheni mkononi. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na ulimi unaojua kubakiza maneno. Haya, lete huo waya tuone unakoelekea.